Tiba sahihi kwa wakati usio wake: majeruhi wa mapigano ya mjini

Watu wengi wakimfikiria tabibu wa kikosi cha makomando humwona akiwa amepiga magoti katikati ya barabara, kando ya mwenzake aliyeanguka, akifunga bandeji huku risasi zikipita juu ya kichwa chake. Tiba ya kivita ya leo inakataza jambo hilo kabisa. Anayepiga magoti pale anampa mdunguzi shabaha ya pili, na shabaha hiyo ya pili ndiyo iliyobeba mfuko wa dawa wa kikosi kizima.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha dharura hapa Arusha, na baadhi ya Jumamosi huwafundisha huduma ya kwanza walinzi wa makampuni binafsi, madereva wa watalii na vijana wa bodaboda. Ninafundisha pamoja na mzee mmoja aliyestaafu katika kikosi cha tiba cha jeshi, ambaye sote tunamwita Afande ingawa hajavaa sare kwa miaka mingi. Tangu habari za mapigano ya Goma zilipoanza kutufikia kwa wingi, wanafunzi wetu wamekuwa wakiuliza swali lile lile kwa namna mbalimbali: mtu akijeruhiwa katikati ya mji unaopiganiwa, anatibiwaje na nani? Jibu la darasani huwa fupi mno, ndiyo maana nimeona niliandike kwa utaratibu.

Hadi miaka ya 1990 matabibu wa vikosi maalumu vya Marekani walifundishwa takribani yale yale yaliyofundishwa kwa wahudumu wa magari ya wagonjwa mijini kwao: fungua njia ya hewa, linda shingo, weka dripu, kisha safirisha. Mwaka 1996 jarida la Military Medicine lilichapisha makala ya Frank Butler, daktari wa jeshi la majini aliyewahi kuwa komando wa SEAL, pamoja na wenzake wawili, iliyohoji utaratibu huo wote. Hoja yao ilikuwa kwamba katika operesheni ya kijeshi majeruhi ni sehemu moja tu ya tatizo, kwa kuwa kuna adui anayefyatua risasi, kuna kazi ambayo haijakamilika, na kuna askari wengine ambao uhai wao unategemea uamuzi utakaofanywa kuhusu huyo mmoja. Kwa hiyo waliigawa tiba katika awamu tatu. Ya kwanza ni pale risasi zinapoendelea kurindima, na humo karibu hakuna tiba: jibu mapigo, mwamuru majeruhi ajikokote hadi kwenye kinga kama anaweza, na kama damu inaruka kutoka mkononi au mguuni, mfungie turniketi, yaani mkanda wa kukaza unaozuia damu, juu kabisa ya kiungo, juu ya nguo, ukaze, basi. Ya pili huanza mkishapata kinga, na hapo ndipo tabibu hufungua mfuko wake, akapekua mwili mzima, akatazama kifua na pumzi, akaingiza gozi (kitambaa laini cha kufyonza damu) ndani ya majeraha na kumfunika majeruhi asipoteze joto. Ya tatu ni ya kumsafirisha.

Wauguzi wengi ninaowaeleza habari hii hushtushwa na mambo mawili ya awamu ya kwanza. Moja ni kwamba mtu aliyepigwa risasi akakosa mapigo ya moyo hafanyiwi msukumo wa kifua pale uwanjani, kwa sababu moyo usio na damu ya kusukuma hauamki kwa kusukumwa, na anayeusukuma atapigwa risasi bure. Jingine ni turniketi. Kizazi changu kilifundishwa kuiogopa kama kitu cha kukatisha watu miguu, kitumike tu pale njia zote zinaposhindikana. Hofu hiyo iliua. Inakadiriwa kwamba katika vita vya Vietnam askari wa Marekani zaidi ya 2,500 walikufa kwa kuvuja damu mikononi na miguuni bila kuwa na jeraha jingine la kuua. Baadaye, katika hospitali ya Baghdad, daktari John Kragh na wenzake walionyesha kwamba waliofungwa turniketi kabla ya kuingia kwenye mshtuko wa kupungukiwa damu walipona kwa asilimia 90, na waliofungwa baada ya kuingia kwenye mshtuko walipona kwa asilimia 10. Kifaa kilikuwa kile kile, na kilichowatofautisha wagonjwa hao ni dakika chache tu.

Mpango wa mwaka 1996, kwa uzuri wake wote, ulikuwa na dhana moja ndani yake: kwamba baada ya muda usio mrefu usafiri utafika. Mogadishu ilikuwa imeshaonyesha miaka mitatu kabla kwamba mjini dhana hiyo haishiki.

Alasiri ya tarehe 3 Oktoba 1993 kikosi cha Marekani chenye makomando wa Delta na askari wa Ranger kilishuka karibu na soko la Bakara kuwakamata wasaidizi wa Jenerali Mohamed Farrah Aidid, mbabe wa vita wa Somalia. Kazi ilikadiriwa kuchukua kama saa moja, na kwa sababu hiyo wengi waliacha kambini miwani ya kuonea gizani, na maji ya ziada hawakuyabeba. Majeruhi wa kwanza hakupigwa risasi hata moja. Alikosa kamba wakati akishuka kutoka kwenye helikopta, akaanguka mtaani kutoka juu sana. Uamuzi wa kumrudisha kambini mara moja kwa magari ulikuwa sahihi kwa kipimo cha hospitali yoyote. Magari hayo yalipigwa njia nzima, na askari mmoja aliyekuwa ndani yake akauawa. Ninapowasimulia wanafunzi habari hii huwa nanyamaza kidogo hapa, kwa sababu hapa ndipo tiba ya mjini inapoachana na tiba ya porini: kila safari ya kumwokoa mmoja ni msafara unaopita chini ya madirisha ya watu wenye bunduki.

Kisha helikopta mbili aina ya Black Hawk ziliangushwa kwa roketi za begani. Askari karibu 100 walizingirwa usiku kucha katika nyumba zilizo karibu na mabaki ya ile ya kwanza, kwenye mitaa ambayo ukitaka kuipata picha yake, ifikirie Ngarenaro ya ndani hapa Arusha, pale ambapo gari moja likisimama la pili halipiti. Helikopta ya kubeba majeruhi ingetua wapi? Hata panga zake zisingeenea kati ya kuta. Helikopta moja ilithubutu kusogea gizani ili kudondosha maji, risasi na vifaa vya tiba, ikarudi imetobolewa. Tim Wilkinson, mwokozi wa jeshi la anga, alivuka barabara iliyokuwa ikipigwa risasi kuwafuata majeruhi upande wa pili, na baadaye akatunukiwa mojawapo ya nishani za juu za jeshi lake. Mnaona kwamba hata sheria ya kutotoka kwenye kinga ina watu walioivunja wakapona, na Afande hapendi kabisa nimtaje mtu huyu darasani. «Mwanangu,» huniambia, «ukimsifu mmoja aliyevuka akafika, utazika kumi watakaovuka wasifike.»

Yuko mwingine ambaye kila anayejifunza tiba hii hukutana na jina lake: Koplo Jamie Smith wa Ranger, kijana wa miaka 21. Risasi ilimpata juu kabisa ya paja, penye kinena, ikakata ateri, na ncha ya ateri ile ikarudi ndani ya nyonga. Pale hapafungiki turniketi, kwa kuwa hakuna kiungo cha kuzungushia mkanda juu ya jeraha. Tabibu wa Delta aliyekuwa naye aliingiza mkono ndani ya jeraha kuutafuta mshipa aubane, akagandamiza, akampa maji ya dripu aliyokuwa nayo, na ombi la helikopta likapelekwa kwa redio. Makamanda walikataa, maana kuiteremsha helikopta pale kulikuwa sawa na kuangusha nyingine pamoja na wote waliomo. Smith alikufa usiku huo. Msafara wa uokoaji, ukiwa na magari ya deraya ya Malaysia na Pakistani, uliwafikia waliozingirwa kama saa nane usiku, na majeruhi wakapelekwa alfajiri kwenye uwanja wa michezo uliokuwa chini ya Wapakistani. Wamarekani 18 walikufa katika mapigano yale, Mmalaysia mmoja naye aliuawa, na Wasomali waliokufa walikuwa mamia, wengi wao raia ambao tabibu waliyekuwa naye ni jirani tu.

Sidhani kama kuna aliyekosea katika chumba kile, na naamini hivyo kwa kuwa nimeshaona kinena kilichopasuka kwa ajali ya pikipiki mikononi mwangu, ndani ya hospitali yenye taa, damu ya akiba na daktari wa upasuaji, na bado dakika zilikuwa chache. Ila tabibu yule hakuwa na kitu ambacho mwenzake wa leo anacho: gozi iliyopakwa kaolini, aina ya udongo mweupe, ambayo huharakisha damu kuganda, na mafunzo ya kuijaza ndani ya jeraha hadi kwenye mfupa na kuigandamiza kwa dakika tatu kamili bila kuchungulia. Sehemu zile za kinena, kwapa na shingo, ambako mkanda haufungiki, ndizo zimebaki kuwa mtihani. Uchunguzi wa vifo vya askari wa Marekani kati ya mwaka 2001 na 2011, ulioongozwa na Brian Eastridge, uliangalia vifo 4,596 na kukuta kwamba asilimia 87 vilitokea kabla ya kufika hospitali. Takribani robo ya hivyo vingeweza kuepukika, na katika hivyo vya kuepukika damu ndiyo iliyoua kwa zaidi ya asilimia 90. Kati ya waliouawa na damu, karibu mmoja katika kila watano alivuja kutoka maeneo hayo ya maungio.

Baada ya Mogadishu, Butler na wenzake waliwakusanya matabibu na makamanda wakayapitia matukio ya siku ile moja baada ya jingine, na matokeo yakachapishwa mwaka 2000 kama makala mahususi kuhusu majeruhi wa mapigano ya mjini. Hawakutoa kanuni moja. Waliuliza: aliyeanguka kutoka kwenye kamba, utamfunga ubao wa mgongo wakati mnapigwa, au utambeba hivyo hivyo? Rubani aliyebanwa kwenye mabaki, mtakaa naye hadi lini? Jibu la wataalamu mara nyingi lilikuwa kwamba inategemea, na kwamba anayeamua ni kamanda baada ya kumsikiliza tabibu. Hili huwakera wauguzi wenzangu kuliko yote. Sisi tumezoea kwamba mwenye mgonjwa ndiye mwenye kauli.

Kukaa na majeruhi kwa saa kumi na nne ndani ya nyumba ya mtu hubadilisha hata yale madogo. Turniketi iliyofungwa kwa pupa barabarani inabidi itazamwe upya kabla ya saa mbili kupita, na ikiwezekana nafasi yake ichukuliwe na gozi na bandeji ya kukaza. Ikishakaa zaidi ya saa sita haifunguliwi mpaka hospitali. Dawa za kuua vijidudu, ambazo kwa safari fupi zingesubiri, hutolewa pale pale. Majeruhi hupoa hata kwenye joto la pwani ya Somalia, na damu iliyopoa haigandi vizuri, hivyo blanketi ni tiba kamili. Aliyechanganyikiwa kwa kupungukiwa damu au kwa dawa ya maumivu hunyang'anywa bunduki yake kabla ya lolote, asije akawapiga wenzake. Na machela zikiisha, mlango wa nyumba hung'olewa bawaba ukabebea mtu.

Dripu nayo inastahili aya yake, maana hapa kwetu mgonjwa asiyetundikiwa dripu huhesabu kwamba hakutibiwa. Mwaka 1994 madaktari wa Houston, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 598 waliopigwa risasi au kuchomwa visu kiwiliwilini. Waliocheleweshewa maji ya dripu hadi walipofika chumba cha upasuaji walipona kwa asilimia 70, na waliopewa mapema kwa asilimia 62. Sababu inaeleweka: mwili ukipungukiwa damu hushusha presha na kuziba tundu kwa donge la damu, na maji mengi yanayomiminwa hupandisha presha, huzimua damu na kuling'oa donge. Siku hizi matabibu wa vikosi maalumu hubeba damu yenyewe, kundi O, na sindano ya asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, ambayo husaidia ikitolewa ndani ya saa tatu tangu kuumia na huweza kudhuru ikitolewa baada ya hapo. Unaona jinsi saa inavyojirudia katika kila kipengele.

Miji mingine imetoa mafunzo yake. Oktoba 2002 makomando wa Urusi waliingia ukumbi wa Dubrovka, Moscow, baada ya kuwalewesha watekaji na mateka kwa gesi ya usingizi. Mateka takribani 130 walikufa, karibu wote kwa gesi hiyo, wengi wakiwa wamelazwa chali nje ya ukumbi ndimi zimeziba koo, na waokoaji hawakuambiwa ni gesi gani ili wajue dawa ya kuipinga. Pale hapakuhitajika upasuaji wowote. Kuwageuza watu ubavu kungewaokoa wengi. Nairobi, Septemba 2013, watu 67 waliuawa na washambuliaji katika jumba la maduka la Westgate, na polisi na wanajeshi walioingia bila kuelewana walipigana risasi wenyewe kwa wenyewe. Paris, Novemba 2015, madaktari wa kikosi maalumu cha polisi waliingia ukumbi wa Bataclan wakati watekaji wakiwa bado ghorofani, wakawapanga majeruhi na kuwatoa, wakitibu kidogo sana kwa makusudi.

Sisi wa Arusha hatuna haja ya kwenda mbali. Mei 2013 bomu lilirushwa kwenye kanisa la Olasiti siku ya uzinduzi wake, na mwezi uliofuata jingine likalipuka kwenye mkutano wa kisiasa uwanja wa Soweto. Majeraha ya vipande vya bomu hayatofautishi komando na mwanakwaya. Wala mkono wa kwanza kufika haukuwa wa mtaalamu. Ulikuwa wa aliyeketi kiti cha pembeni.

Ndiyo maana darasani tunatumia muda mwingi zaidi kwenye nyama. Tunanunua paja la mbuzi bucha ya jirani, Afande analitoboa kwa kisu na kupitisha ndani yake mpira wa dripu uliotobolewa, na mfuko wa dripu unajazwa juisi ya rozela, ambayo mmoja wetu huiminya kwa kufuata mapigo. Mwanafunzi anapewa gozi. Karibu kila mmoja huirundika juu ya tundu kama anayeziba chupa, na juisi inaendelea kuchuruzika chini ya kiganja hadi kwenye turubai. Wiki chache zilizopita mlinzi mmoja, mama wa makamo anayelinda duka la vifaa vya ujenzi huko Sakina, alirundika hivyo hivyo, kisha akasimama na kuuliza, «Sasa Afande, shikamoo kwanza, mbona haikati?» Afande akaitikia marahaba, akamshika kidole cha shahada na kukiingiza ndani ya jeraha. «Usinijibu kwa macho, mama. Tafuta panapopiga.» Alikaa kimya, kidole kikizunguka ndani ya nyama, halafu uso ukabadilika. «Hapa.» Akaanza kulisha gozi kwa kidole hicho hicho bila kukitoa, sentimita kwa sentimita, hadi tundu likajaa, akalalia viganja kwa uzito wake wote. Rozela ikakata. Tulihesabu dakika tatu kwa saa ya ukutani, na vijana wa bodaboda wakaanza kuchoka kuangalia kabla yeye hajachoka kubana.

Kikosi cha 75 cha Ranger, ambacho Smith alitoka humo, kilifika mahali hapo kwa ukubwa zaidi. Kiliamua kwamba kila askari, mpishi na dereva wakiwemo, atajua kufunga turniketi na kujaza jeraha, na kwamba makamanda ndio watakaoulizwa kuhusu mafunzo hayo, badala ya idara ya tiba. Russ Kotwal, daktari wa kikosi hicho, alichapisha mwaka 2011 hesabu ya miaka ya Afghanistan na Iraq: majeruhi 419, waliokufa 32, na hakuna hata mmoja aliyekufa uwanjani kwa jeraha ambalo lingezuilika pale. Huwa naitazama hesabu hiyo kwa wivu wa kikazi. Kwetu mtu anafika kwenye meza yangu akiwa amefungwa kamba ya manila chini ya jeraha, au waya, au hakufungwa kabisa, na aliyemleta alikuwa na mikono miwili mizima njia nzima.

Mimi na Afande hatujakubaliana kuhusu kanga. Yeye anashikilia kwamba kipande cha kanga chenye upana wa vidole vinne, kikifungwa na kijiti cha kuzungusha, kinatosha, kwa sababu ndicho kitakachokuwapo siku hiyo, na kwamba mkanda wa kununua utakuwa umefungiwa kabatini kwa bosi. Mimi nimeona kijiti kikivunjika na fundo likilegea kwenye bodaboda kabla ya kufika hospitali, na ningependa kila lindo liwe na mkanda halisi ukutani. Jumamosi inayokuja tutavijaribu vyote viwili kwenye mapaja yetu wenyewe, mimi nikishika kipimo cha mapigo mguuni, na mama wa Sakina ameomba awe wa kwanza kukaza.